Goblini hana mama?

*"Mwalimu, salamu. Mimi ni dada wa miaka 31, Mnandi wa Kapsabet, nafanya kazi Uingereza mwaka wa sita sasa. Kila Ijumaa usiku tunakutana watu sita kucheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu, karatasi ya mhusika na msimamizi anayesimulia. Wanne ni Waingereza, mmoja Mpemba, na mimi. Ni marafiki wa kweli, nilipougua walinipikia. Mwezi uliopita tulianza Masks of Nyarlathotep, kampeni (kisa kirefu cha majuma mengi) ya mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu, inayofanyika mwaka 1925. Msimamizi akatugawia kipande cha gazeti: Wanandi wamenyongwa kwa kuwachinja wazungu wa msafara. Wenzangu wakaanza kuiga sauti za 'washenzi' na kucheka. Tumbo likanikaza. Niliposema, nikajibiwa kwamba ni mchezo tu, na tena watu wa 1925 ndivyo walivyoongea. Haya. Lakini hao hao, kwenye Dungeons & Dragons yetu, waliteketeza pango zima la goblini, vile vijitu vya kubuni vinavyowekwa viwe maadui, watoto wakiwemo, wakagawana dhahabu. Wiki iliyofuata mhusika wangu alipotaka kumtesa mateka mmoja aseme njia, mchezo ukasimamishwa: 'meza yetu haichezi mambo hayo.' Yaani watoto wa goblini wachomwe, Wanandi wachekwe, ila mateka mmoja ana haki za binadamu? Mpemba wetu hasemi kitu. Hata mimi ninapomwigiza mganga wangu wa Kipemba mwenye majini saba, yeye hucheka kidogo na kuangalia simu. Je, mimi ndiye mwenye moyo mwepesi, au wenzangu wana mizani miwili? Na nifanye nini nisiipoteze Ijumaa yangu?"*

Dada, umenifungia maswali mawili kwa kamba moja, na la tatu ukalidondosha mlangoni ukiwa unaondoka. La kwanza ni kwa nini meza inayoua bila kupepesa macho inashtuka kwa mateso. La pili ni la kabila lako kufanywa kichekesho. La tatu ni la yule Mpemba, na hilo nitalifikia, usidhani sijaliona.

Mimi mchana nafundisha sanaa za maonyesho na usiku nimekalia kiti cha msimamizi kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze kwa kuwatetea wenzako kidogo. Kwenye suala la mateka, sidhani kama walikuwa wanafiki.

Angalia mchezo unavyoua. Goblini ana pointi za uhai saba. Unarusha dadu, unampiga kwa nane, saba toa nane, amekwisha. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili, na hesabu haitoi damu. Mateso hayana nambari ya kujifichia. Lazima mtu afungue mdomo aseme anafanya nini, kwa chombo gani, na msimamizi naye atoe sauti ya anayelia. Jukwaani naweza kumuua mfalme kwa upanga wa mbao na ukumbi ukapiga makofi, lakini nikikaa dakika tano nikimng'oa mtu kucha, nusu ya watazamaji watakwenda kununua soda wasirudi. Dhambi ya kuua haikupungua. Ukaribu ndio ulioongezeka. Wenzako siku ile walipima matumbo yao, wala hawakuwa wakipima haki, na tumbo la mtu lina ruhusa ya kukataa. Kwa hiyo usiitumie hoja ya goblini kudai ruhusa ya kumtesa mateka. Itumie kinyume chake: kama tumbo lao linafanya kazi, mbona kwenye pango lilinyamaza?

Lilinyamaza kwa sababu kanuni zilikuwa zimeshatoa idhini kabla hawajaketi. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ikachapishwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita ya vinyago, na kwenye michezo ile adui hana mama. Ana mahali pake kwenye ramani, basi. Mchezo mpya ulipompa mchezaji jina na historia, adui alibaki vile vile. Juu yake ikawekwa pande za Sheria, Kati na Vurugu, na kufikia mwisho wa muongo ule mfumo ukawa na vyumba tisa vya wema na uovu. Mchezaji alichagua chumba chake mwenyewe. Orki, maadui wengine wa kubuni, na goblini walijaziwa fomu wakiwa bado tumboni.

Ongeza hapo malipo. Pointi za uzoefu zilitoka kwa kuwashinda mazimwi na, kwa wingi zaidi, kwa dhahabu uliyoitoa pangoni. Hakuna pointi uliyopata kwa kuuliza kwa nini wanakaa pangoni. Mtu akilipwa kwa kitu, atakifanya. Hilo halihitaji mtaalamu. Kisa cha The Keep on the Borderlands cha 1979, ambacho wachezaji wengi wa Marekani walianza nacho, kina ngome ya watu upande huu na mapango upande ule, na ndani ya mapango mwandishi amehesabu wanawake na watoto wa orki na goblini, akaliacha jambo hapo. Tangu siku hiyo mezani wanagombana: tuwafanyeje watoto? Mwaka 2005 Gygax mwenyewe, akijibu maswali ya wachezaji kuhusu shujaa mtakatifu anayeua wafungwa, alirejea msemo unaohusishwa na Kanali John Chivington, kwamba mayai ya chawa hugeuka chawa, na aliutaja kwa kuukubali. Chivington ndiye aliyewaongoza askari walioivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho kule Sand Creek, Colorado, tarehe 29 Novemba 1864, wakaua zaidi ya watu 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Sikuletei hilo ili umchukie marehemu. Nakuletea uone kamba inatokea wapi. Goblini ni kiumbe wa kubuni, kweli, lakini umbo la hadithi yake halikubuniwa mezani. Ngome mpakani, watu waliokwisha kuitwa waovu, uvamizi wa alfajiri, mali inahesabiwa, kisha watu wanarudi ngomeni kunywa. Wewe umezaliwa Kapsabet; umbo hilo unalijua kwa jina lingine. Kati ya 1895 na 1905 Waingereza walipeleka Nandi misafara ya kijeshi waliyoiita ya kuadabisha, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe walioondoka nao walikuwa maelfu. Tarehe 19 Oktoba 1905 ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mahali walipoitana kwa mazungumzo ya amani. Sisemi kwamba watunzi wa Wisconsin waliwahi kulisikia jina la Koitalel. Walikulia kwenye hadithi za mipakani na za dola, kama vijana wengi wa enzi yao, na hadithi hizo zina mifupa ileile popote zinapovalishwa nyama. Ndiyo maana tumbo lako lilikaza kabla akili haijapata neno la kusema. Huo si moyo mwepesi, dada.

Sasa hilo la "ni mchezo tu". Usilitupe lote, maana nusu yake ni kweli, na ni nusu ninayoipenda. Mchezo unahitaji uzio. Ndani ya uzio mtu mpole anaweza kuwa jambazi, mwoga akawa jemadari, na wewe ukaua joka bila kwenda kutubu kwa padri. Bila uzio hakuna sanaa. Lakini goblini anakaa ndani ya uzio tu. Taa zikizimwa, hakuna goblini atakayenyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu ya sauti aliyoigizwa nayo Ijumaa. Mnandi anakaa pande zote mbili. Huyo mmoja ndani ya gazeti amenyongwa, na mwingine amekaa kitini ameshika kikombe cha chai, na usiku huo atapanda basi na sura yake ileile. Kicheko kilichomgusa wa kwanza kinamfuata wa pili hadi kituoni.

Utaniuliza, na wenzako bila shaka watauliza: mbona vibeti wa milimani wote huigizwa kwa lafudhi ya Kiskoti, na hakuna Mskoti anayekaza tumbo? Swali zuri, na jibu lake tunalo nyumbani. Sisi tuna utani. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya karne ya 19, na leo ni watani: Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo mtu mwingine angeyalipia faini. Ila utani una masharti. Unakwenda na kurudi. Unafanywa na mtu mwenye uhusiano nawe, si mpita njia. Na una deni: mtani anayekuchekesha msibani ndiye huyo huyo anayeshika jembe la kaburi. Mskoti na Mwingereza wana karne nyingi za kurushiana maneno, na Mskoti ana pa kujibia. Wewe kwenye ile meza hukupewa zamu ya kurudisha. Utani wa upande mmoja una jina lake, na wote tunalijua.

Kuhusu "watu wa 1925 ndivyo walivyoongea", hapo nina ubishi kidogo wa kitaalamu. Watu gani? Nairobi ya 1925 ilikuwa na Johnstone Kenyatta, kijana wa idara ya maji ya manispaa aliyekuwa akizunguka kusoma mita, na kampeni hiyo hiyo mnayoicheza imemweka ndani yake kama mhusika wa kukutana naye. Miaka mitatu nyuma watu walikuwa wamepigwa risasi mjini humo kwa kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Na kwenu, Oktoba 1923, serikali ya kikoloni ilizuia sherehe ya Wanandi ya kukabidhiana rika na kumkamata Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, aliyeachiliwa 1964. Fikiria: katika mwaka ambao wahusika wenu wanashuka Mombasa kwa meli, huyo bwana yuko kizuizini mwaka wa pili, na bado ana takriban 39 mbele yake. Hao nao ni watu wa 1925, na waliongea. Nimegundua kwamba uhalisia wa kihistoria huitwa mezani pale tu anapotakiwa shahidi wa upande mmoja. Hakuna anayeng'ang'ania kwamba mhusika wake afe kwa malaria wiki ya pili, ingawa hilo lingekuwa la 1925 kabisa.

Hapa itabidi nikufichulie kidogo kisa. Msimamizi wako atanisamehe. Gazeti lile limewekwa ili lisiaminiwe. Katika kampeni hiyo, iliyotoka mara ya kwanza 1984, Wanandi hawakuwaua watu wa ule msafara wa 1919. Wamebambikiwa. Kesi fupi, kamba, faili likafungwa. Wauaji ni genge la waabudu mungu wa kutisha mlimani. Kwa hiyo waliocheka walikosea hata kama wachezaji wa kawaida: walipewa ushahidi wa dhuluma wakaufanya kichekesho, wakati mpelelezi mzuri angeuliza nani alikuwa mkalimani mahakamani siku ile. Ninapenda kusema hivi kwa sababu wasomaji wengi huniandikia wakitaka nithibitishe kwamba kitabu fulani kichomwe. Hiki nisingekichoma. Kinajua jambo kuhusu haki ya kikoloni kuliko wanavyojua baadhi ya wanaokicheza.

Lakini sikisafishi. Maana ukishawatoa Wanandi kwenye lawama, unakuta genge lenyewe nalo ni la Waafrika wenye mapanga wanaopiga ngoma mlimani usiku, na kuhani wao mkuu anaitwa M'Weru. Tutulie hapo kwenye ritifaa, ile alama ya juu baada ya M. Mweru ni jina la kawaida tu. Ukimwandikia mtu barua utaliandika hivyo hivyo. Sisi ritifaa yetu tunayo kwenye ng'ombe na ng'ambo, inakofanya kazi. Hii ya M'Weru haifanyi kazi yoyote mdomoni. Ni kilemba cha manyoya, imewekwa ili msomaji wa mbali aone kwamba hapa ni pageni na pa hatari. Toleo la 2018 liliiandika upya kampeni yote kwa mapana, likaongeza sura ya Peru na kuzungumza wazi zaidi kuhusu ubaguzi wa enzi ile. Kama msimamizi wako anatumia nakala ya zamani ya mjomba wake, mshauri aangalie hiyo.

Jina kama vazi ni ugonjwa mpana, na mara nyingine unachekesha. Kampuni ya Marekani ya Paizo, yenye mchezo wa Pathfinder, ina eneo kubwa la misitu kwenye ramani yake linaloitwa Mwangi. Kwa Mkikuyu hilo ni jina la rika na la mamia ya maelfu ya wanaume, pengine pamoja na fundi wako wa gari. Ni kama kufungua ramani ukakuta msitu wa Juma. Kwa miaka mingi eneo hilo liliandikwa kama Afrika ya hadithi za msituni, magofu na walaji watu. Mwaka 2021 kampuni ikatoa kitabu kizima kulihusu, ikawapa kazi waandishi wenye asili ya Afrika, na ghafla Mwangi pakawa na miji, shule, siasa na watu wanaogombania maji. Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu wake walipata sababu za kufanya wanayofanya.

Hapo ndipo ninapoweka kidole, kuliko kwenye maneno yanayokatazwa na yanayoruhusiwa. Ubaya wa kazi hizi hukaa pale mtu anapovuliwa sababu zake. Mfano mkali ni wa 2018: kitabu kimoja cha Vampire: The Masquerade kiliyachukua mateso ya kweli ya mashoga kule Chechnya, yaliyokuwa yanaendelea wakati huo huo, kikayafanya kiini macho cha wanyonya damu. Kelele zikapigwa, kampuni ikaomba radhi, sura ikaondolewa. Watu wengi walidhani kosa ni kuigusa mada. Mimi naona kosa lilikuwa kwamba watesaji wa kweli wenye majina na vyeo walipewa kisingizio cha kimchezo. Ukimpa mnyonya damu lawama, unamfutia binadamu. Ukimfanya Mnandi wa 1919 awe mchinjaji asiye na sababu, unafuta misafara mitano iliyomtangulia.

Na makampuni? Yana mizani miwili kama wenzako, ila yao ina idara ya mauzo. Juni 2020 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons sasa, walikiri kwamba orki na jamii nyingine zilikuwa zimechorwa kwa namna inayofanana mno na matusi waliyotupiwa watu halisi, wakaahidi kubadilika. Miaka miwili baadaye wakachapisha viumbe wenye sura ya nyani, hadozee, waliowahi kufanywa watumwa, na Septemba 2022 wakaomba radhi tena. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kimeondoa neno "mbari" na kuweka "spishi". Sawa, ni bora. Ila upanga bado unalipwa kuliko ulimi. Paizo nao mwaka 2021 waliamua kuacha kuandika utumwa katika dunia yao, na hapo nina moyo mzito kidogo. Naielewa nia, hakuna mchezaji mweusi anayetaka kukutana na mnada wa watu Ijumaa jioni bila kuonywa. Lakini sisi wa pwani hii tunajua kwamba ukifuta utumwa unafuta na watoro. Miaka ya 1880 kulikuwa na kijiji cha Fuladoyo, bara kidogo ya pwani ya Kenya, cha watu waliokimbia mashamba ya mabwana wakajijengea maisha na ulinzi wao. Ningecheza kampeni ya Fuladoyo mwaka mzima. Isingewezekana katika dunia ambayo hakuna aliyewahi kufungwa mnyororo, ilhali kuua watu kwa mamia kumebaki kuwa burudani ya familia.

Sasa tuje kwa Mpemba wako. Ulimtaja kwa haraka, kwenye sentensi ya kupitia, na mimi ndiyo iliyonisimamisha nilipoisoma mara ya pili. Mganga wa Kipemba mwenye majini saba. Mtu wa bara anapoigiza hivyo anachukua uvumi uliowafuata Wapemba kila walikofungua duka, kwamba kila mmoja ana kitu chumbani. Wewe umesema wenzako walipocheka tumbo lako lilikaza. Yeye anaangalia simu. Labda kweli anaona raha. Wapo Wapemba wanaotamba kwa sifa hiyo kuliko mtu yeyote. Labda amechoka, ameamua Ijumaa yake ni ya thamani kuliko ubishi, jambo ambalo unalielewa vizuri maana na wewe umeniandikia kwa sababu hiyo hiyo. Mimi siwezi kujua nikiwa huku. Wewe pia hujui, kwa sababu hujamuuliza. Sikusemi kwa ubaya. Nimewahi kuigiza Mgogo ombaomba kwa miezi minne mbele ya Mgogo, na nilidhani nachekesha.

Hivyo mezani kwenu kuna mizani zaidi ya miwili. Kila mtu amekuja na yake, na kila mmoja anaipima ya mwenzake.

Ufanye nini? Njia unazo kadhaa na kila moja ina gharama. Unaweza kuomba sura ya Kenya irukwe. Ni haki yako, na meza nzuri itakubali bila kukuhoji, lakini ujue matokeo: kampeni itakwenda London, Cairo na Shanghai, na Afrika Mashariki itabaki ile ya kwenye kipande cha gazeti, bila wewe kuijibu. Unaweza kuvumilia kimya; hiyo siishauri, kwa sababu kinyongo cha mezani huhamia kwenye mambo mengine, mwisho mtagombana kuhusu nani hakuleta chipsi. Unaweza kupendekeza mfumo wa tahadhari. Kadi ya X, aliyoieneza John Stavropoulos tangu 2013, ni kipande cha karatasi chenye alama hiyo kikae katikati ya meza. Yeyote akikigusa, kinachoendelea kinarukwa bila maelezo. Mwingine ni wa mipaka na pazia: mnakubaliana kabla yapi hayaingii kabisa na yapi yanaweza kutokea nyuma ya pazia bila kusimuliwa. Kwa yule mateka wako pazia lingetosha. Kwa kicheko kile, kadi ingekuokoa dakika moja tu. Inazima moto, haijengi jiko. Na usisahau kwamba mgeni mara nyingi huona haya kuigusa, kwa hiyo msimamizi aiguse yeye kwanza kwa jambo dogo, watu waone kwamba mkono haukatiki.

Ninayoipenda zaidi ni kuomba kesi ile ifunguliwe upya ndani ya mchezo. Mwambie msimamizi unataka mhusika mpya: binti wa mmoja wa walionyongwa, mwenye jina kamili la Kinandi, aliyesoma kidogo misheni, anayejua baba yake siku ile alikuwa wapi. Kampeni inavumilia, maana ukweli wa kisa uko upande wake. Wenzako watalazimika kumhitaji. Atawatafsiria, na ataamua lini asitafsiri. Hilo litafanya kwa jioni mbili kazi ambayo mihadhara ya mwaka haifanyi. Tatizo lake ni moja, na sitakuficha: utageuka mwalimu wa Afrika. Watakuuliza matamshi, mavazi, chakula, "je, hii ni sawa?" kila dakika kumi. Kama siku hiyo umetoka zamu ya usiku huna nguvu hizo, huna deni nao. Msimamizi ana macho, asome mwenyewe.

Usilizungumze kwenye kundi la WhatsApp. Mtafute msimamizi ana kwa ana, kabla ya Ijumaa, kwa chai, na usianze na neno ubaguzi ingawa lipo. Anza na Barsirian. Mwambie tu ni nani na alikaa miaka mingapi. Watu waliokupikia ulipougua wanastahili nafasi ya kusikia kabla ya kuhukumiwa. Wakisikia na kicheko kikaendelea, au kikatoka nje ya mchezo kikaanza kukuita wewe, hapo hakuna tena suala la michezo. Ondoka, meza zipo nyingi. Na kama ule mkazo wa tumbo unakufuata hadi kitandani, unaota kamba au huli vizuri wiki nzima, mwone daktari wako au mshauri nasaha huko huko uliko. Sio aibu. Habari za babu zetu wakati mwingine hukaa mwilini zikisubiri kitu kidogo tu kizigonge. Kama nyumbani bado yupo mzee anayekumbuka alivyosimuliwa ya 1923, mpigie simu. Utapata faraja, na utapata mhusika bora kuliko wa kwangu.

Ila kabla ya msimamizi, mwanze Mpemba. Umkute peke yake, umwulize kuhusu yule mganga, kisha unyamaze akuambie. Akisema anampenda, mwombe ampe jina, na ampunguzie au amwongezee majini anavyotaka.